Waipa za Kikohozi, kutoka Makambako hadi Milima ya Bundali

Tangu nirudi, kila anayeleta mahindi kusaga kwenye mashine yangu hapa Makambako ananiuliza swali lile lile: mama yako umemwacha wapi? Nikijibu kwa kifupi naambiwa nina kiburi. Nikijibu kwa kirefu, foleni ya madebe inafika barabarani. Basi nimeandika, msome wenyewe, na atakayeniuliza tena nitamsagia unga wake na mchanga.

Safari ilianzia kwa daktari wa macho. Mama ana presha ya macho, nyote mnajua, mmemwona akitiwa matone pale kibarazani. Siku ile daktari alituambia bila kuzunguka kwamba uono uliopotea haurudi, na uliobaki unaondoka kidogo kidogo. Mimi nilianza kubishana naye, maana ndivyo nilivyo. Mama aliitikia tu, kama mtu aliyeambiwa bei ya chumvi imepanda. Tulipotoka nje akanishika mkono, akasema, "Atu, nipeleke nikamwone dada."

Dada yake ndiye mama mkubwa Sekela, anayeishi kule kwao Ileje, juu kwenye milima ya Bundali, katika nyumba ile ile waliyozaliwa. Mama aliondoka kule akiwa bibi harusi. Mara ya mwisho walionana kwenye msiba wa baba, na tangu hapo nyonga ya mama mkubwa ikakataa safari ndefu, wakabaki kusikiana kwenye simu.

"Mvua hizi, Mama?" nikamwambia. "Kule juu ni tope tupu. Tusubiri kiangazi."

"Kiangazi nitakuja kuona nini?"

Nilijifanya nasaka funguo kwenye mkoba.

Sasa, gari. Mabasi kwenye mvua hayapandi kule, na miguu ya Mama haiwezi kupanda mlima. Kikabaki Kikohozi, pikapu ya marehemu baba, ambayo nyie nyie ndio mliipa jina hilo kwa jinsi inavyowaka asubuhi. Ni nzee, lakini ina nguvu matairi yote manne, na baba aliitunza kuliko alivyotutunza sisi. Mlipoona napakia gunia la viazi na doti ya kitenge ya mama mkubwa, mkacheka. Mmoja wenu, simtaji, akasema tutarudi tumefungwa kamba nyuma ya lori. Nilimsikia.

Tuliondoka Makambako asubuhi, ukungu haujaachia. Mama alikaa mbele, amejifunga kilemba, uso ameusogeza karibu na kioo kama mtoto anayechungulia dukani. Kabla hatujafika Igawa alishaniambia nipunguze mwendo mara nyingi hadi nikachoka kusikia. Mara aone ng'ombe, mara aone mwanamke aliyebeba kuni, mara aone bango la rangi nyekundu.

"Mama, hivi tutafika lini? Ng'ombe hata nyumbani wapo!"

"Naweka akiba," akajibu, wala hakugeuka.

Kwa hasira zangu nikakanyaga mafuta. Kikohozi hakina mwendo wa kumkomoa mtu, kwa hiyo hasira zilipotea bure.

Tulipita Uyole, tukapita Mbeya mjini na Mbalizi, manyunyu yakaanza. Waipa zilikuwa zinafanya kazi kivivu, zinapanda kioo kama mzee anayepanda ngazi, lakini zinapanda. Tulipoingia Mbozi, kwenye mashamba ya kata ya Ruanda, mbingu ilifunguka. Jamani, mvua ile! Sikuona barabara, sikuona boneti. Na hapo hapo, katikati ya kioo, waipa zikasimama. Niliwasha, nikazima, nikawasha tena, nikapiga dashibodi kwa kiganja. Kimya. Mbele yangu kulikuwa na taa nyekundu za lori, zinayeyuka kama pipi kwenye maji.

Nilitoa kichwa dirishani nikaendesha hivyo hadi pembeni, nikazima gari. Nilikuwa nimelowa hadi kifuani, natukana mvua, natukana waya, namtukana na aliyebuni magari. Mama akangoja nimalize.

"Lete kiazi," akasema.

"Mama, ndiyo saa ya kula hii?"

"Baba yako alikuwa anapaka kiazi. Lete, na kisu."

Nilivuta kiazi kutoka kwenye gunia la watu, nikakikata, nikashuka na kukisugua kioo chote kwa upande ule wenye majimaji. Wallahi sikuamini, na mimi ni Mlutheri. Maji yaliacha kushikana vidonge vidonge, yakawa yanateleza chini kama shuka moja, na nyuma yake barabara ikaonekana. Si vizuri sana, lakini ilionekana. Miaka yote nimepika viazi bila kujua vina kazi nyingine. Mvua ilipopungua tulijikokota hivyo hivyo, Mlowo hadi Vwawa, tukisimama kila mara kupaka kingine.

Vwawa fundi mmoja alifunua boneti, akachungulia, akaifunga taratibu kama anayemfunika mgonjwa. "Mota ya waipa imekufa," akasema. "Na kwa gari la umri huu nendeni Tunduma. Kisichopatikana Tunduma bado hakijatengenezwa."

Nikamuuliza kama kwa viazi tunaweza kupanda Bundali. Aliniangalia, akamwangalia Mama, akasema, "Dada, kule ukungu unaingia hadi ndani ya gari. Ukitaka kumzika mama yako, kuna njia za karibu zaidi." Nilitaka kumjibu, lakini alikuwa amesema kweli.

Tunduma tuliingia jioni mapema. Foleni ya malori tuliikuta tangu Mpemba, yamejipanga kungoja kuvuka kwenda Zambia na Kongo, lori nyuma ya lori, hadi unadhani ni ukuta wa mji. Madereva wameweka makazi kabisa: mwingine anasonga ugali pembeni ya tairi, mwingine kaanika mashati kwenye kamba kati ya lori lake na la mwenzake, wawili wananyoana nywele. Mama alisema, "Simama." Safari hii nilisimama bila kugomba. Akaangalia matairi yale marefu kuliko yeye, moshi, mashati, watu wanaoongea lugha zisizohesabika, akatikisa kichwa. "Atu, dunia ina vitu," akasema. Tukalala nyumba ya wageni nyuma ya barabara.

Asubuhi iliyofuata tuliulizia, tukaelekezwa kwa Fundi Simbeye, fundi umeme wa magari, mtu mfupi mwenye sauti ya kipaza sauti. Gereji yake ni bati zilizoegemezwa kwenye kontena bovu, na matairi ya kukalia. Kabla hajasalimia gari alimsalimia Mama kwa Kinyiha, "Mwagona, mama," Mama akaitikia kwa Kindali chake, wakaelewana nusu kwa nusu, wakacheka.

"Waipa?" akaniambia. "Hiyo kwangu ni chai ya asubuhi. Mimi sijawahi kukosea gari, muulize mtu yeyote hapa hadi ng'ambo."

Majivuno sipendi, lakini nikaona mikono yake inavyoijua kazi. Alianza na fyuzi, ikawa nzima. Akachukua kitaa kidogo chenye waya mbili, akakigusisha kwenye waya unaoingia kwenye mota, nikawasha swichi. Kitaa kikawaka. "Umeme unafika mlangoni," akasema, "ila mwenye nyumba haamki." Akafungua nati, akachomoa mota kutoka chini ya boneti, kitu cha ukubwa wa kopo la maziwa kilichojaa matope ya miaka, akaiweka kwenye benchi na kuifungua.

Mama aliomba apelekwe karibu. Nikamwekea tairi la kukalia pale pale kwenye benchi. Fundi alishangaa kidogo.

"Macho yake yanaondoka," nikamwambia. "Tunakwenda Ileje amwone dada yake kabla hayajaisha. Ndiyo maana nataka waipa leo, si kesho."

Simbeye aliacha kujisifu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza siku ile. Kisha akawasha taa ya kichwani, akaanza kumwonyesha Mama kila kitu kimoja kimoja, kama anayemwonyesha mgeni nyumba. Huu mkungu wa waya za shaba ndio unaozunguka. Vipande hivi viwili vyeusi ni kaboni, ndivyo vinavyoulisha umeme. Hili gurudumu la meno ndilo linalopunguza mbio za mota zikawa mwendo wa waipa. Grisi ilikuwa imekauka, imekuwa ngumu kama samli ya mwaka juzi. Kaboni moja ilikuwa imeisha kabisa, na kishina chake kimeitafuna shaba hadi imechimbika.

"Kitu kidogo hivi," Mama akasema, amekishika gurudumu lile karibu kabisa na jicho, "ndicho kilikuwa kinanifungulia njia?"

"Ndicho, mama."

Nilikiangalia na mimi. Baba amekaa nyuma ya kioo kile maisha yake yote ya udereva, na mimi baada yake, na hakuna siku niliyojiuliza nini kinasukuma zile fimbo. Nilijisikia mdogo, na nilifurahi kujisikia hivyo.

Lakini shaba ikishaliwa hairudi, kwa hiyo ilitakiwa mota nyingine. Fundi akampigia simu Bana Mulenga, mama wa Kizambia mwenye meza ya spea zilizotumika upande huu wa mpaka. Hakukawia. Alikuja na beseni kichwani limefunikwa chitenge, kama anayepeleka chakula shambani.

"Mulishani, bamayo," akamwamkia Mama, akapiga goti kidogo. Kisha akafunua beseni. Mota tatu, nne, zimelala kama kuku wa kuchinjwa. Simbeye alipekua, akatoa moja, akapima matundu ya nati kwa vidole. "Hii hapa. Pacha wa yenu." Akaigusisha waya mbili kutoka kwenye betri.

Ikazunguka! Ilinguruma pale kwenye benchi, ikaruka kidogo kama chura, na cheche ya buluu ikachungulia kwenye tundu. Mama akapiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga kelele kama nimeshinda kitu, hadi madereva wa foleni wakageuka.

Akaifunga garini, akafunga mkono wa waipa, akaniambia niwashe. Waipa zikapita, zikarudi, zikapita, haraka na safi. Mvua ilikuwa imeanza tena, kioo kikang'aa. "Nilikwambia," akasema Simbeye. "Zima."

Nikazima. Waipa, badala ya kulala chini kama waipa za watu, zikasimama wima katikati ya kioo, moja sawasawa mbele ya macho ya dereva.

Tukaziangalia. Akaniambia niwashe na kuzima tena. Zikasimama tena wima, kama watu waliosikia wimbo wa taifa.

Bana Mulenga ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akaweka beseni chini. "Awe! Fundi! Hii ni ya Kongo, mukwai! Usukani wa kushoto!"

Hapa inabidi niwaeleze kama nilivyoelezwa. Tunduma magari ya nchi zote yanapita, na mabovu yake yanabaki. Kongo wanakaa kushoto wanapoendesha, kwa hiyo waipa za magari yao zinalala upande mwingine. Mota kwa nje ni pacha kabisa, ila ndani, lile gurudumu la meno lina kibati kinachokata umeme mahali pa kulala, na kibati hicho kwa gari la Kongo hukata mahali ambapo kwetu ni katikati. Huko Makambako fundi hawezi kukosea hivyo hata akitaka, maana mota ya Kongo ataipata wapi?

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," nikamtania Simbeye.

"Sijashindwa," akasema, mkali. "Nimechanganya nchi tu."

Nikamuuliza kama tunaweza kwenda hivyo hivyo. Nisizime basi, ziwe zinapita muda wote. Akakataa. Alisema mota isiyopumzika kwenye mlima ule itaungua njiani, na ikiungua zitasimama pale pale mbele ya macho yangu. Bana Mulenga akasema atatafuta nyingine ng'ambo, labda kesho, labda keshokutwa. Niliona Mama anafumba jicho la kulia, anafumbua, anafumba la kushoto, anafumbua, kama anayehesabu kilichobaki. Kila asubuhi hufanya hivyo. Moyo uliniuma nikashindwa hata kugomba.

Simbeye naye aliona. Akavuta mota zote mbili, akaziweka ubavu kwa ubavu kwenye benchi, akakaa anaziangalia huku anaimba wimbo wa kwaya chini chini. Ghafla akaacha kuimba.

"Mama," akamwambia Mama, si mimi, "ile ya kwenu ina akili nzima, nguvu haina. Hii ya Kongo ina nguvu, akili yake ndiyo ya kwao. Kwa nini nisiwaoze?"

Na akawaoza. Alitoa mkungu wa shaba na kaboni za Kongo, akatoa gurudumu la zamani la baba lenye kibati chake. Akakwangua grisi kavu yote kwa bisibisi, akasugua kwa msasa mwembamba, akaosha kwa petroli, akapaka grisi mpya, akavifunga pamoja kuwa mota moja. Bana Mulenga alishika taa, Mama akashika nati kwenye kiganja, na mimi nikashika mdomo wangu. Mvua ilikuwa inapiga mabati tusisikilizane. Kabla ya kufunga mkono wa waipa, aliiacha mota izunguke peke yake hadi ikasimama mahali pake pa kulala, ndipo akaufunga waipa zikiwa zimelala chini.

Niliwasha. Zikapita. Nikazima, nikafumba macho. Nilipofumbua, zilikuwa zimelala chini ya kioo kama watoto wawili.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni! Nusu ya gari la Kongo na nusu ya gari la baba, zinafuta mvua ya Tunduma! Nilimkumbatia Bana Mulenga, grisi na yote.

Ila kulikuwa na sauti. Kila waipa zilipofika mwisho zikageuka, mota ilisema *ngruu-tak*. *Ngruu-tak, ngruu-tak.* Nikauliza.

"Meno ya zamani yamekutana na mwenza mpya," akasema Simbeye. "Kuna mahali hawajazoeana. Haitaharibu kitu. Lakini hiyo sauti siwezi kuitoa, usinirudishie."

Mchana huo huo tulirudi Mpemba, tukashika barabara ya Isongole. Hadi Itumba ni lami, tukaenda vizuri. Baada ya hapo ni udongo mwekundu na mlima. Niliweka gia ya nguvu, tukaanza kupanda, na kweli ukungu ukaingia kama yule fundi wa Vwawa alivyosema, mzito, na mvua ndani yake. Niliwasha taa za mbele na waipa.

Sijui niwaambie vipi. Kioo kilikuwa cheupe, hakuna dunia. *Ngruu-tak.* Ghafla migomba, majani yamepasuka, yanatiririsha maji. Nyeupe tena. *Ngruu-tak.* Ukingo wa barabara, na chini yake hakuna kitu, korongo tupu. Nyeupe. *Ngruu-tak.* Mwanamke na mbuzi wake wamejibanza ukutani mwa mlima watupishe. Kila mfuto ulikuwa kama Mungu anaumba kipande kingine cha nchi, anatuonyesha, anakirudisha. Niliendesha nusu kwa woga, nusu kwa kitu ambacho nadhani ni ibada.

Na Mama alikuwa anataja. Mama ambaye Makambako anajigonga kwenye meza! "Hapo ndipo kisima. Hapo tulianguka na mtungi. Ule mti haukuwepo." Kioo kilikuwa kinamfungulia vipande vidogo, na vipande vidogo ndivyo macho yake yanavyoweza.

Kwenye kona ya mwisho, ile kali, gari liliteleza nyuma kidogo, na mimi nilipokanyaga mafuta, mota ya waipa ikapunguza sauti, *ngruuu...*, ikakaa. Nilisema, "Ewe Mkongo, usinifanyie hivyo!" Nilisema kwa sauti kabisa. *Tak.* Ikageuka. Mama akacheka hadi kilemba kikalegea.

Tulifika jioni, mwanga umekuwa wa kijivu. Nyumba iko pale pale barabara inapoishia, mlango unatazama njia. Niligeuza gari taa zikaangalia mlangoni, nikasimama, mkono wangu ukaenda kwenye swichi.

"Usizime," Mama akasema.

Mlango ulifunguliwa. Akatoka mwanamke mwembamba, ameinama upande mmoja kwa ajili ya nyonga, amejifunika jani la mgomba kichwani badala ya mwavuli. Alikuja moja kwa moja kwenye mwanga wa taa, hatua kwa hatua, akafika mbele ya gari, akaweka mkono mmoja kwenye boneti. Jani likaanguka. Hakuliokota. Mvua ikampiga usoni naye akasimama hivyo, anatuangalia kupitia kioo.

Nikaelewa kwa nini Mama hataki kushuka. Ndani ya nyumba ni giza, kuna kibatari. Hakuna mahali pengine kijijini pale ambapo angeuona uso ule kwa mwanga kama huu. Mama alisogea hadi paji la uso likagusa kioo. Waipa zikapita, zikarudi. Kila zikipita, uso wa mama mkubwa ulikuwa safi kabisa: makunyanzi, meno, machozi au mvua, sijui.

"Atu," Mama akasema polepole. "Dada amekuwa mama. Ni mama yetu kabisa yule."

Mimi nililia bila kujificha. Tulikaa hivyo hadi mama mkubwa akapiga boneti kwa kiganja akafoka kwa Kindali, na Mama akanitafsiria: anauliza kama tumekuja kumwangalia anavyolowa au kumsalimia.

Asubuhi ukungu ulifunguka. Nilitoka na kikombe cha chai nikakuta dada wawili wamekaa kibarazani, wameshikana mikono, na mbele yao bonde lote liko wazi, Mto Songwe chini kama uzi, na milima ya Malawi ng'ambo, safu nyuma ya safu, hadi inakuwa rangi ya anga. Chai ilipoa mkononi. Nilikuwa nimesikia habari za bonde lile tangu utotoni, nikidhani Mama anatia chumvi. Hakutia hata punje.

Alisema hapo hapo kwamba harudi. Nilibisha, bila shaka. Mama mkubwa akasema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, na kwamba nyonga yake mbovu na macho mabovu ya mdogo wake vinatosha kutengeneza mtu mmoja mzima. Nikamkumbuka Simbeye na mota zake mbili, nikaacha kubisha.

Nilirudi peke yangu. Tunduma nilipita kwa fundi kumshukuru. Aliniuliza kwanza, "Aliona?" Nikasema aliona. Akainama kwenye boneti ya mtu muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, kisha akainuka na sauti yake ile: "Nilikwambia sijawahi kukosea!"

Makambako nikaingia bila kamba na bila lori, yule nisiyemtaja ajue. Na tangu hapo naendesha polepole. Nikiona ng'ombe namwangalia. Watu wananipigia honi, wanipigie.

Sasa ni kiangazi. Juzi mchana, jua kali, vumbi la barabara limetanda hadi kwenye unga, Mama akapiga simu. Tulisalimiana, akaniuliza mashine, akaniuliza bei ya mahindi. Kisha akasema, "Atu, mwanga umeondoka. Tangu Jumapili."

Nilikaa chini pale pale kwenye magunia.

"Usilie," akasema. "Kikohozi kipo?"

"Kipo, Mama."

"Nenda ukawashe waipa. Weka simu karibu."

Nilitoka. Watu wa foleni walinitazama nikipanda kwenye pikapu, nawasha waipa juani, kioo kikavu, mipira inakwaruza vumbi. Ndiyo, siku ile mliyosema nimechanganyikiwa. Niliishika simu kwenye dashibodi. *Ngruu-tak. Ngruu-tak.* Nikaiweka tena sikioni, nikamsikia anapumua.

"Mama, nizime?"

"Usizime kwanza," akasema. "Dada ndio anatoka mlangoni."